Kilichokuwa Ndani ya Ngoma ya Kwaya

Vijana wangu wa kwaya, habari zenu zimenifikia. Mmegombana tena. Nusu yenu mnasema kinanda kinachojipigia midundo chenyewe ni cha dunia, nusu mnasema Maandiko hayajakikataza kwa hiyo ruksa, na mwenyekiti wenu ameniomba niandike maneno machache ya busara ya kuwapatanisha. Busara sina nyingi. Nina miaka thelathini na ushee ya kufundisha kwaya hapa Bariadi, nina goti bovu nililolipata kwa kusimama mbele ya watu wanaoteremsha sauti, na nina ushindi mmoja ambao sijachoka kuusimulia. Nitausimulia bila aibu. Mkitaka unyenyekevu, muulizeni mchungaji.

Kazi hii nilifundishwa na Mwalimu Elisha wa Nassa, mstaafu wa shule ya msingi, mtu mwembamba aliyeandika do-re-mi kwa mkaa nyuma ya mifuko ya saruji kwa sababu ubao hatukuwa nao. Ninyi mnarekodi wimbo kwenye simu, mnamtumia kila mtu sauti yake, mnakutana Jumamosi mkidhani mmejifunza. Sisi tulikaa juani na mfuko wa saruji. Elisha hakuturuhusu kuigusa sauti mpaka tuyaseme maneno ya wimbo kwa kawaida, kama mtu anayempa jirani habari za msiba au za harusi. Asiyeweza kuusema wimbo, alisema, hana ruhusa ya kuuimba. Alinifundisha pia kwamba sauti ya pili wakiogopa hukimbilia kwa sauti ya kwanza, kwa hiyo wapange karibu na ukuta wasipate pa kukimbilia. Na kwamba asubuhi koo ni baridi, anza chini, usiwaue watu kabla ya mahubiri. Hayo chukueni, ni ya bure.

Nilipoachiwa kwaya, nchi ilikuwa imefunguka. Vitu vilivyokuwa vimepotea madukani vilirudi kwa fujo: redio za kaseti, betri, sabuni za kila rangi, na marobota ya mitumba yakifunguliwa gulioni watu wakipigana vikumbo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kugombea wakulima na chama cha ushirika, na vijana wangu walikuwa na kaseti za kwaya za Dar es Salaam, wakaanza kuimba Kiswahili cha puani kana kwamba wamezaliwa Ilala. Katika mitumba hiyo mimi mwenyewe nilipata majoho. Meupe, mazito, yenye mikanda kiunoni. Nikayanunua yote, kwaya ikang'aa, nikatembea siku ile kama mama wa bwana harusi. Tuliyavaa miezi kadhaa, mpaka mgeni mmoja wa kizungu alipokuja akatazama sakafu ibada nzima. Mkewe ndiye aliyenieleza kwa upole kwamba kwao nguo zile mtu huvaa akitoka kuoga.

Nacheka sasa. Siku ile nililia.

Lakini habari yenyewe inaanzia kwa mama yangu. Mama alikuwa Mkristo kabla sijazaliwa, na kila Jumapili alikaa kwenye mkeka nyuma kabisa ndani ya kanisa pamoja na wanawake wenzake wa vijijini, wale waliotembea tangu alfajiri. Kiswahili hakukijua zaidi ya cha kununulia chumvi. Siku moja, baada ya ibada ambayo nilijiona nimefundisha vizuri kupita kiasi, nilimuuliza ameuonaje wimbo wetu. Akaniambia kwa Kisukuma kwamba ulikuwa mzuri. Nikamuuliza ulisema nini. Akatabasamu, akafunga kanga yake vizuri, akasema hizo ni nyimbo za wenye kujua, yeye huwa anakaa tu na Mungu anamwona amekaa.

Maneno yale yaliniumiza, nawaambia kweli. Miaka yote ile mama yangu alikuwa hajaimba kanisani hata mara moja, nami nilikuwa mwalimu wa kwaya.

Basi nikafanya jambo ambalo leo mnaliona la kawaida. Nilichukua zaburi, nikaiweka kwa Kisukuma, nikaipachika kwenye mwendo wa nyimbo ambazo wanawake huimba wakilima kwa pamoja, majembe yakipanda na kushuka. Nyimbo zile bila ngoma hulegea kama kamba isiyo na ng'ombe, kwa hiyo nikamwita Luhende. Huyu alikuwa sauti ya nne katika kwaya yetu, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe, mikono yake mikubwa na moyo wake mdogo. Luhende akaleta ngoma aliyoinunua kwa familia moja upande wa Lagangabilili, ambayo marehemu baba yao alikuwa mchezaji wa ngoma. Ilikuwa ngoma ya sauti nzuri ajabu. Sikuuliza maswali.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Msukuma peke yake anaweza kulifanya.

Mnajua Wagika na Wagalu, makundi ya ngoma ya huku kwetu. Hawachezi kwa zamu. Kila kundi linasimama upande wake wa uwanja, wanaanza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wa mwenzake wakahamia kwake. Basi kulikuwa na mkutano wa injili Nyalikungu, kule Maswa, kwaya zimealikwa nyingi. Wenyeji walipewa nafasi ndefu, wakaimba, wakaimba, wakaimba. Sisi tulikuwa tunasubiri kwenye kona ya uwanja, jua linatuchoma, na mimi damu yangu ya kwetu ikachemka. Nikamkonyeza Luhende. Tukaanza.

Jamani, watu walihama. Kwanza watoto, kisha akina mama, kisha wenye baiskeli. Kwaya ya wenyeji iliendelea kuimba ikitazama migongo. Mhubiri aliposimama alikuta mbele yake wazee watatu na mbuzi. Na sisi, Mungu atusamehe, tulipiga vigelegele vya ushindi. Tuliporudi Bariadi nilikuwa nimevimba kichwa, nikiwaambia watu kwamba mafundisho mazuri hujionyesha yenyewe.

Barua ilifika kabla ya Jumapili. Baraza la wazee wa kanisa lilinitaka nifike baada ya ibada, na ngoma. Aliyekuwa ameiandika ni Mzee Maduhu, msomaji mkubwa wa Biblia, mtu ambaye hata mchungaji alipima maneno mbele yake. Alinisalimu mlangoni kwa heshima, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, nami nikaitikia, na nikajua kwa upole ule kwamba nimekwisha. Shauri lilikuwa moja. Nikishindwa kuonyesha kwa Maandiko kwamba ngoma na nyimbo zile zina mahali katika ibada, kwaya itarudi kwenye kitabu cha nyimbo na si zaidi, na mimi nitamkabidhi kwaya mtu mwingine kabla ya sikukuu ya mavuno. Mama na wenzake walikuwa hawajatoka. Walikaa kwenye mikeka yao nyuma, wakisubiri, na vijana walijaa madirishani.

Msidhani Mzee Maduhu alikuwa mjinga. Ninyi mna tabia ya kuwafanya wazee wajinga kwenye hadithi zenu. Alisimama na Biblia imefungwa, maana hakuhitaji kuifungua. Alisema Mungu hakuacha ibada mikononi mwa watu waitengeneze wanavyopenda. Akakumbusha wana wa Haruni walioleta mbele za Bwana moto ambao hakuuagiza, wakafa papo hapo, ingawa hakuna mahali walipokuwa wamekatazwa moto huo. Mitume walituagiza zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni. Ngoma hawakuitaja. Alichokitaka Mungu amekisema, na asichokisema tukiache. Kisha akanigeukia akaniambia kwamba Nyalikungu kwaya yangu iliugeuza uwanja wa injili kuwa uwanja wa Wagalu, na kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Watu waliguna. Nami nilistahili.

Nikajibu kwa jeuri. Nikataja Miriamu na tari lake ukingoni mwa bahari, nikataja zaburi ya mwisho inayoita kila chombo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama basi nitachinja na fahali madhabahuni, kwa kuwa hayo nayo yako Agano la Kale. Nikapandisha hasira. Nikasema, haya, mtume gani alivaa joho la kwaya?

"Lile lenu halikuwa joho, Mwalimu," akasema Mzee Maduhu.

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akajifuta machozi kwa kitambaa. Nawaambia hili makusudi. Ukiingia kwenye mabishano ya Maandiko kwa kutafuta aya za kumpiga mwenzako, atakupiga kwa zake, na mwenye aya nyingi si lazima awe ndiye mwenye kweli. Nikageuka nione mlango uko wapi, na nikamwona mama. Yeye hakucheka. Hakuwa ameelewa neno hata moja, kwa kuwa mashauri yote yale, ya kuhusu yeye, yalikuwa yanaendeshwa kwa Kiswahili.

Hasira zikanitoka, ikaingia akili. Nikaomba nafasi ya mwisho. Nikasema sitatafuta aya ya ngoma, nitauliza jambo moja tu ambalo mtume Paulo aliwauliza Wakorintho. Yeye alitaka kuimba kwa roho, na kuimba kwa akili pia. Akauliza, yule mtu wa kawaida aliyekaa pale asiyeelewa unachosema, ataitikiaje amina? Hilo ni Agano Jipya, na linahusu kuimba. Kisha nikahama Kiswahili. Nikasema kwa Kisukuma, ili wote wasikie, nikiwatazama wale wa mikekani: "Mayu, Jumapili zote hizi, umeitikia amina kwa neno gani?"

Mama hakuzoea kuulizwa mbele ya watu. Alitazama mikono yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye huitikia wenzake wakiitikia. Mwanamke aliyekaa kando yake akasema hata yeye. Wa tatu alitikisa kichwa. Na wale walikuwa wengi, vijana wangu, walikuwa karibu nusu ya kanisa.

Mzee Maduhu alikaa. Aliweka mkono juu ya Biblia yake. Namheshimu mpaka leo kwa sababu alikuwa mtu wa Maandiko kweli, si wa kushinda tu. Neno lilipomgusa hakulikwepa.

"Wimbo nimeukubali," akasema, naye sasa kwa Kisukuma. "Kila agizo la kuimba ni agizo la kuelewa, na hapo tulikosa sisi wazee. Ngoma bado. Ng'wanone, mwanangu, mimi nilikuwa mchezaji kabla ya ubatizo. Nimelala nimeikumbatia ngoma. Najua kinachowekwa ndani ili watu wahame."

Hakusema hayo kunitisha. Alikuwa anaogopa. Kila mtu pale alijua kwamba alipobatizwa aliichoma ngoma yake mbele ya ukoo wake, na baba yake hakumsemesha tena mpaka anakufa. Nikamtazama Luhende. Luhende akaitazama dari. Nikamuuliza kama aliifungua ngoma alipoinunua, akasema kwa nini aifungue ngoma inayolia vizuri.

Hapo ningeweza kusema ni safi, tuombe, tufunge kikao. Nilitamani sana. Badala yake nikaagiza kisu. Jikoni kwa mchungaji wakaleta kile cha kumenyea viazi, nikapiga magoti kando ya ile ngoma katikati ya kanisa, nikakata kamba za ngozi moja moja, kisha nikaifunua ngozi yote. Nilitia mkono mpaka kwenye bega. Nilipoutoa ulikuwa umeshika kijifurushi cha kitambaa cheusi, kimefungwa kwa uzi, ndani yake kuna vipande vya mzizi na unga usiojulikana.

Wengine walitoka kwa kupitia madirishani, na waliokuwa madirishani walianguka. Luhende alikaa chini kwenye sakafu, jitu zima. Mimi nilifikiria kwanza jambo la kipuuzi kabisa: kwamba Nyalikungu hawakuhamia kwangu. Sifa zangu zote zilikuwa mle kwenye kitambaa! Mkiniuliza leo nitasema ni uongo, walihama kwa sababu wenyeji walikuwa wamechosha, na dawa haina sikio la muziki. Lakini dakika ile niliona aibu mpaka miguuni.

Mzee Maduhu hakufurahi kwamba alikuwa amesema kweli. Alisema tu, polepole, kwamba mmeona, basi ichomwe.

Sijui nilipata wapi maneno. Elisha hakunifundisha, na mimi si mwepesi wa maneno mazuri. Nilikuwa bado nimepiga magoti na mkono wangu una vumbi la ndani ya ngoma.

"Baba," nikamwambia, "na wewe ulikuwa na dawa. Ulizivaa mkononi na kiunoni. Wazee waliokubatiza walizitoa, wakazichoma, wewe wakakuosha, wakakuketisha hapo ulipo. Mbona hawakukuchoma wewe?"

Mzee alinitazama, na macho yake yakajaa maji, na hakuyafuta. Nilidhani nimemvunjia heshima kiasi cha kutosamehewa. Kisha akainuka, akaja mpaka pale nilipokuwa, akakichukua kile kijifurushi kwa mkono wake mwenyewe, mkono ambao ulikuwa umekataa kugusa vitu vile tangu ujana, akatoka nacho nje. Akakusanya miti mikavu ya pamba iliyokuwa kando ya shamba la kanisa, akawasha, akakitupia. Sisi wote tulisimama tukitazama kinavyoungua, na kiliungua kama takataka nyingine yoyote.

Aliporudi aliuliza ni nani aliyefundishwa kuwamba ngoma. Tulitazamana. Akasema alijua hivyo, kwa kuwa kamba zile nilizikata kama mtu anayechinja kuku kwa mara ya kwanza, na kwamba ngozi ya zamani haifai tena. Iletwe mbichi ya fahali, iloweshwe, naye atakuja.

Na alikuja. Siku tatu Mzee Maduhu alishinda uani kwa mchungaji amevua shati la kanisani, anavuta kamba kwa meno, anamkaripia Luhende, anaigonga ngozi kwa kidole na kuinamisha sikio. Alinifundisha ambayo hayamo katika do-re-mi yoyote: ngoma ikauke kivulini, si juani, la sivyo itapiga kelele ya bati, na kabla ya kuimba uipashe kwenye moto wa miti ya pamba, ambao ni mkali lakini hauna hasira. Siku ya mwisho mchungaji aliiombea pale pale uani. Mzee alisema aya moja tu, kwamba kila kitu hutakaswa kwa neno la Mungu na kwa sala, halafu akavaa shati lake. Baraza liliandika uamuzi mfupi sana. Kila wimbo upimwe kwa Maandiko, kila wimbo ueleweke na aliyekaa nyuma kabisa, na kwaya isianze tena kuimba wakati mwenzake hajamaliza. Hilo la mwisho lilikuwa langu, na nililipigia kura.

Sasa mnaniuliza kuhusu kinanda chenu. Kifungueni. Sisemi bisibisi, fundi atawadai. Namaanisha muulizane kimewekewa nini ndani yake: kama ni sifa zenu, zitoeni mzichome, kama mtu wa mkekani anaelewa na anaitikia, kipigeni mpaka betri ziishe. Maandiko hayakuandikwa ili sauti ya kwanza iishinde sauti ya tatu.

Sikukuu ya mavuno ilifika, pamba imeuzwa, watu wametoka vijiji vyote, kanisa limefurika hadi nje. Luhende alikuwa ameipasha ngoma, kwaya imesimama bila joho la aina yoyote, mimi nimenyanyua mikono na sauti ya kuanzia ninayo kichwani, safi, niliyoipima tangu asubuhi. Kabla sijaishusha mikono, nyuma kabisa, kwenye mikeka, mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza. Alianza chini mno, sauti kavu ya mtu ambaye hajaimba mahali pale tangu alipobatizwa, na aliyajua maneno yote ya zaburi yetu ya Kisukuma.

Kwaya walinitazama wakingoja niwaanzishe kwa sauti yetu. Niliigeukia mikeka, nikampa mgongo kila mtu niliyemfundisha, nikaifuata sauti ya mama.